Virgil van Dijk kabla ya Liverpool: kisa cha beki aliyechelewa kuonekana

Tarehe 27 Desemba 2017 Liverpool na Southampton zilitangaza kwamba zimekubaliana juu ya uhamisho wa Virgil van Dijk, kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 75, kiasi ambacho hadi siku hiyo hakuna klabu iliyokuwa imekilipa kwa ajili ya beki. Alikuwa na umri wa miaka 26. Miaka saba na nusu nyuma, katika kiangazi cha 2010, mchezaji huyohuyo alikuwa ameondoka Willem II ya Tilburg kwenda Groningen bila ada yoyote ya uhamisho, kwa kuwa klabu iliyomlea haikuwa imempa mkataba wa kikosi cha kwanza. Kati ya tarehe hizo mbili kuna klabu tatu katika nchi tatu, ugonjwa uliokaribia kumuua, na watu wengi wenye ujuzi wa kazi yao waliomtazama kwa makini kisha wakaamua kumwacha.

Ni rahisi kuwaona watu hao kuwa vipofu, na simulizi nyingi juu yake huishia hapo. Mimi nimezifuata hatua zake moja baada ya nyingine, na ninaloliona ni tofauti. Kasoro walizozitaja waliomkataa zilikuwepo kweli, na baadhi yake zilionekana uwanjani mbele ya macho ya wote. Walichokosea ni kudhani kwamba kasoro za umri, au za mazingira ya ligi aliyokuwa akichezea, zilikuwa sehemu ya mchezaji mwenyewe.

Van Dijk alizaliwa Breda, kusini mwa Uholanzi, tarehe 8 Julai 1991, kwa baba Mholanzi na mama mwenye asili ya Suriname. Alianza kucheza katika klabu ndogo ya WDS'19 kabla ya kuingia katika mfumo wa vijana wa Willem II. Huko alikuwa beki wa kulia, tena si beki wa kulia wa kutisha: hakuwa mrefu, na kwa nafasi ambayo hudai mtu apande na kushuka pembeni mwa uwanja kwa dakika 90, hakuwa na kasi ya kutosha. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa mmoja wa Breda ili apate fedha kidogo, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na dalili ya wazi kwamba angekuja kuishi kwa kucheza soka.

Akiwa na umri wa takriban miaka 17 alirefuka ghafla, kwa kadiri inayosimuliwa kuwa karibu sentimita 18. Jambo hili husimuliwa kama muujiza uliomgeuza mtoto wa kawaida kuwa jitu, lakini kocha yeyote wa vijana anajua kwamba ukuaji wa namna hiyo kwanza huleta hasara. Mifupa hurefuka kabla misuli na mishipa haijazoea urefu mpya, magoti na kinena huuma, hatua hupoteza mpangilio wake, na kijana aliyekuwa akiukokota mpira bila kufikiri huanza kujikwaa. Van Dijk alipata maumivu hayo na mazoezi yake yakalazimika kupunguzwa. Kwa hiyo mwaka ambao klabu ilipaswa kuamua kama inampa mkataba ulikuwa pia mwaka ambao mwili wake ulikuwa mgumu zaidi kuusoma. Alikuwa amehamishiwa katikati ya ulinzi kwa sababu ya kimo chake, akijifunza nafasi mpya kwa mwili mpya, na aliyemtazama siku hiyo aliona kijana mrefu aliyezubaa kidogo.

Hapa naongeza hoja ambayo ni tafsiri yangu mwenyewe. Mtoto ambaye si mrefu na hana kasi, akichezeshwa ulinzini dhidi ya wenzake waliokwisha kukomaa, hana budi kujua mpira unakwenda wapi kabla haujapigwa, kwa maana akichelewa hana miguu ya kufidia. Aliyekomaa mapema hujifunza kinyume chake: hukosea nafasi, kisha kifua na mbio vinamwokoa, na kosa lenyewe halimfundishi kitu. Sifa ambayo dunia ilikuja kuisifu kwa Van Dijk, yaani kumngoja mshambuliaji bila kuteleza chini, kumsukuma polepole kuelekea upande asioutaka na kumwacha afanye uamuzi mbaya yeye mwenyewe, naiona kuwa ni tabia ya mchezaji aliyecheza miaka mingi akiwa dhaifu kuliko wanaomkabili. Kimo kilipokuja kilikuta akili hiyo tayari ipo.

Willem II hawakuliona hilo, na sioni haki ya kuwalaumu sana. Klabu ilikuwa ikipigania kubaki katika ligi kuu ya Uholanzi, na msimu uliofuata kuondoka kwake, 2010–11, ilishuka daraja. Klabu iliyo katika hali hiyo hununua uhakika wa wiki ijayo. Beki wa kati wa miaka 19 ambaye mwili wake bado unatafuta mizani yake ni uwekezaji wa miaka mitatu, na miaka mitatu ndiyo bidhaa ambayo klabu inayozama haina. Aliyemwona ni Martin Koeman, mchezaji wa zamani wa Uholanzi aliyekuwa akiisaidia Groningen kusaka vipaji, naye ni baba wa Erwin na Ronald Koeman. Alichotakiwa kupendekeza ni kijana asiye na ada, kwa klabu ya kaskazini yenye desturi ya kuwanunua vijana na kuwauza wakikomaa. Hatari ilikuwa ndogo, na udogo wa hatari hiyo ni sehemu ya maelezo ya kwa nini jicho lake lilikuwa huru kuona.

Groningen hawakumharakisha. Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu aliicheza tarehe 1 Mei 2011 dhidi ya ADO Den Haag, akitokea benchi katika ushindi wa mabao 4–2. Tarehe 29 mwezi huohuo, katika mchujo wa kuwania nafasi ya Ligi ya Europa dhidi ya wapinzani walewale, alianza kwa mara ya kwanza na akafunga. Groningen waliokuwa wamelala 5–1 katika mechi ya kwanza walishinda nao 5–1, kisha wakatolewa kwa penalti. Msimu uliofuata, chini ya kocha Pieter Huistra, aliingia kikosini moja kwa moja. Tarehe 30 Oktoba 2011 Groningen waliichapa Feyenoord 6–0, naye akiwa miongoni mwa wafungaji. Kocha wa Feyenoord siku hiyo alikuwa Ronald Koeman.

Halafu, katika majira ya kuchipua ya 2012, aliugua. Maumivu ya tumbo yalimpeleka hospitali, akarudishwa nyumbani na dawa za kutuliza, na hali ikazidi kuharibika hadi mama yake alipofunga safari kutoka kusini, akamtazama na kumpeleka hospitali nyingine. Huko iligundulika kwamba kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, sumu imeenea tumboni na figo zimeathirika. Alifanyiwa upasuaji wa dharura. Yeye mwenyewe ameeleza baadaye kwamba alitia saini karatasi zilizokuwa kama wosia, ili iwapo angefariki sehemu ya fedha zake imwendee mama yake. Alikuwa na miaka 20.

Waandishi wengi hukitumia kipindi hiki kama chanzo cha utulivu wake, kwamba aliyekwisha kuona kifo haogopi mshambuliaji. Sikubaliani na maelezo hayo. Wenzake na makocha wa awali walikuwa wamekwisha kuulalamikia utulivu huo kabla hajaugua, wakiuita uzembe. Kilichobadilika kwa hakika ni mwili. Alipoteza kilo nyingi, misuli ikayeyuka, akakosa mechi zote zilizobaki za msimu, na alipopona alilazimika kujijenga upya kuanzia kutembea. Kwa mchezaji ambaye miaka michache tu nyuma alikuwa amejifunza upya kukimbia kwa sababu ya kurefuka, hii ilikuwa mara ya pili kuanza, na mara hii akiwa mtu mzima anayejua anachokijenga. Msimu wa 2012–13 alikuwa nguzo ya ulinzi wa Groningen.

Hapo ndipo lilipo swali gumu zaidi la kisa hiki, kwa sababu sasa hapakuwa tena na kisingizio cha umri wa kubalehe. Beki wa miaka 21, mrefu wa takriban sentimita 193, anayepiga mipira ya adhabu na pasi ndefu kwa usahihi, alikuwa akicheza kila wiki katika ligi kuu ya Uholanzi mbele ya macho ya Ajax, PSV na Feyenoord, klabu tatu kubwa za nchi hiyo. Hakuna hata moja iliyomsajili. Sababu iliyotajwa tena na tena ni ileile: anacheza kana kwamba mechi haimhusu, anapoteza umakini, ana raha kupita kiasi. Katika shule ya soka ya Uholanzi, ambako beki wa kati hutarajiwa kuwa kiungo wa kwanza wa kila shambulizi na kutazamwa kwa kila mguso, kosa moja la dharau lina uzito kuliko mipira kumi aliyoiokoa kimyakimya. Ulinzi mzuri hauonekani. Beki aliyesimama mahali sahihi hafanyi kitu, kwa sababu pasi haikupigwa kabisa upande wake, na mtazamaji anayeandika ripoti juu ya mtu ambaye hakufanya kitu atajaza ukurasa wake kwa yale machache aliyoyafanya vibaya.

Tarehe 21 Juni 2013 alihamia Celtic ya Glasgow kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 2.6. Uskoti wakati huo ilikuwa mahali pa ajabu kwa beki kukulia. Rangers walikuwa wamefilisika mwaka 2012 na kuanza upya katika daraja la nne, na Celtic walibaki bila mpinzani wa kweli: msimu wa 2013–14 walitwaa ubingwa kwa pointi 99, wakiwaacha Motherwell walioshika nafasi ya pili kwa pointi 29. Katika misimu yote miwili ya Van Dijk huko, Celtic na Rangers walikutana mara moja tu, katika nusu fainali ya Kombe la Ligi tarehe 1 Februari 2015, Celtic wakishinda 2–0. Beki wa timu ya namna hiyo hushinda wiki baada ya wiki akiwa amesimama karibu na mstari wa kati, akingoja mpira mmoja mrefu kila robo saa.

Aliutumia uhuru huo kwa namna mbili, nzuri na mbaya, na zote mbili zimeandikwa katika matokeo. Upande mzuri ni kwamba alijifunza kucheza na mpira mguuni bila hofu. Mechi ya St Johnstone ya tarehe 26 Desemba 2013, ambapo aliutwaa mpira akaukokota hadi lango la wapinzani na kufunga mwenyewe, si bao ambalo kocha wa timu inayopigania uhai angemruhusu beki wake alijaribu. Kwa jumla aliichezea Celtic mechi 115 na kufunga mabao 15, idadi ambayo viungo wengi wangejivunia. Nyuma yake kipa Fraser Forster alikaa dakika 1,256 za ligi bila kufungwa, rekodi ya Uskoti.

Upande wa pili unaonekana usiku uleule rekodi hiyo ilipokoma. Tarehe 25 Februari 2014 Celtic walifungwa 2–1 na Aberdeen, kipigo chao pekee cha ligi msimu ule, na Van Dijk alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu mapema katika kipindi cha kwanza. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, tarehe 26 Februari 2015, katika mechi ya marudiano ya Ligi ya Europa dhidi ya Inter huko San Siro, alipewa kadi mbili za njano ndani ya dakika 36. Mechi ya kwanza Glasgow ilikuwa imeisha 3–3. Celtic waliokuwa kumi walishikilia hadi dakika za mwisho, wakafungwa 1–0 na kutolewa. Katika Ligi ya Mabingwa, Desemba 2013, alikuwa amekwisha kuonja kipigo cha 6–1 mbele ya Barcelona.

Ninazitaja mechi hizi kwa sababu ndizo hoja bora za waliomkataa, na haki ni kuziweka mezani. Anayecheza miezi mitano bila kushambuliwa kwa kasi huzoea kuanza kukimbia akiwa amechelewa nusu hatua, kwa kuwa miguu yake mirefu inamrudisha kila mara. Siku anapokutana na mshambuliaji ambaye nusu hatua hiyo inamtosha, beki hubaki na silaha moja, mkono au mguu wa kuangusha. Tatizo lilikuwepo. Lakini ni tatizo la mazoea, na mazoea hutibiwa kwa kubadilisha anayekukabili Jumamosi. Klabu za Uingereza zilizosema zinataka kumwona kwanza akijaribiwa katika ligi ngumu zaidi zilijifunga katika mzunguko, kwa sababu jaribio hilo lingewezekana tu kama mojawapo ingemsajili.

Timu ya taifa nayo ilimpita. Louis van Gaal alikwenda Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil na ulinzi wa watu watatu katikati, Ron Vlaar, Stefan de Vrij na Bruno Martins Indi, na Uholanzi ikamaliza ya tatu. De Vrij na Martins Indi walikuwa wa Feyenoord na wote wawili ni wadogo kwa Van Dijk kwa miezi saba hivi. Siwezi kusema kwamba Van Gaal alikosea. Nafasi ya tatu ni jibu zuri mno. Ninachoweza kusema ni kwamba kijana aliyecheza ligi ya nyumbani katika klabu kubwa alionekana, na mwenzake aliyekuwa bingwa wa Uskoti hakuhesabiwa. Van Dijk aliichezea Uholanzi kwa mara ya kwanza tarehe 10 Oktoba 2015 dhidi ya Kazakhstan, akiwa na miaka 24, timu ikielekea kuikosa Euro 2016.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhama. Agosti 2015 Celtic walitolewa na Malmö katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa, na tarehe 1 Septemba akasajiliwa na Southampton kwa ada iliyotajwa kuwa pauni milioni 13. Kocha aliyemchukua ni Ronald Koeman, ambaye baba yake Martin, yule aliyemwona kwanza, alifariki Novemba 2013. Klabu zilizokuwa zikisubiri uthibitisho ziliupata kwa haraka ya kushangaza: msimu wa kwanza Southampton walimaliza wa sita kwa pointi 63, naye Mei 2016 akapewa mkataba wa miaka sita. Tarehe 3 Novemba 2016 alikutana tena na Inter katika Ligi ya Europa, safari hii akifunga bao la kusawazisha katika ushindi wa 2–1. Januari 2017, José Fonte alipouzwa, alikabidhiwa unahodha, na ndani ya mwezi huohuo akaumia kifundo cha mguu na kukaa nje kwa miezi mingi, akiikosa fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester United.

Mtu anaweza kuuliza kama angekuwa bora zaidi iwapo njia ingekuwa fupi. Mfano wa kupimia upo katika nchi yake mwenyewe. Matthijs de Ligt aliingia kikosi cha kwanza cha Ajax mwaka 2016 akiwa na miaka 17, na Machi 2017, akiwa bado na umri huo, alianzishwa katika timu ya taifa dhidi ya Bulgaria. Uholanzi ilifungwa 2–0, mabao yote mawili yakitokana na makosa upande wake, na akatolewa wakati wa mapumziko. Aliinuka, akawa nahodha wa Ajax na kuifikisha nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, lakini alilazimika kufanya makosa yake ya utoto mbele ya dunia nzima. Makosa ya Van Dijk ya umri ule yalifanyika katika viwanja vya vijana vya Tilburg, na yale yaliyofuata katika usiku wa baridi wa Aberdeen. Sidhani kama alipoteza kitu cha kiufundi kwa kuchelewa. Alichopoteza ni miaka ya timu ya taifa, na hiyo haikurudishwa.

Kuna aliyepoteza zaidi. Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya msimu wa miaka 12 na ule wa miaka 23, lakini wakati ule mgao huo ulihusu uhamisho unaovuka kutoka chama cha soka cha nchi moja kwenda cha nchi nyingine. Safari ya Groningen kwenda Celtic ilivuka mpaka, na ile ya Celtic kwenda Southampton pia, kwa kuwa Uskoti na Uingereza zina vyama tofauti. Uhamisho wa pauni milioni 75 ulifanyika kati ya klabu mbili za chama kimoja. Kanuni ilirekebishwa mwaka 2020 ili uhamisho wa ndani uhesabiwe pale klabu iliyomlea mchezaji ikiwa ya nchi nyingine, jambo ambalo lilikuwa la haki tangu mwanzo. Kwa Willem II, waliomfundisha mtoto asiye na kimo wala kasi mahali pa kusimama, marekebisho hayo yalichelewa kwa zaidi ya miaka miwili.